Swila wa Ol Tepesi na macho ya Tomi

Ukitaka kuona jinsi nchi inavyoweza kubadilika sura kwa mwendo wa saa moja tu, chukua barabara ya Magadi Jumamosi moja asubuhi. Unaiacha njia ya Lang'ata pale Bomas, unapenya katikati ya matatu za Ongata Rongai ambazo madereva wake ni kama wamekula kiapo cha kutompisha mtu, unafika Kiserian ambako akina mama wauza mboga wamevalia masweta mazito kwa sababu ya baridi ya vilima vya Ngong, kisha unapanda hadi Kona Baridi. Hapo ndipo ardhi inapopasuka. Mbele yako Bonde la Ufa limelala wazi, kijivu na kahawia, na mlima mmoja baada ya mwingine unaonekana kama uliochorwa na mtoto. Upepo wa hapo unaweza kumvua mtu kofia. Kisha barabara inaanza kuteremka, nawe unaanza kuvua sweta, halafu koti la ndani, na ukifika Ol Tepesi unatamani kuvua ngozi yenyewe.

Tulikuwa watano garini: mimi, mke wangu, watoto wawili, na Tomi. Tomi ni mbwa wetu wa kienyeji, mwenye rangi ya mchanga na sikio moja linaloanguka. Hatukukusudia kumpeleka. Lakini jirani anayetutunzia alikuwa amesafiri kwenda mazishini, na kifungua mimba wangu, msichana wa darasa la saba, alisema kwamba ikiwa Tomi anabaki basi naye anabaki. Mambo yakaishia hapo.

Njia nzima Tomi alitoa kichwa nje ya dirisha, ulimi unapepea. Watoto walicheka, nami nilicheka. Tulipopumzika Kiserian kununua mkate na maziwa niliona macho yake yanatiririka machozi na yamekuwa mekundu. Nikapangusa kwa kitambaa, tukaendelea. Baadaye daktari alikuja kuniambia kwamba hilo lilikuwa kosa la kwanza katika mfululizo wa makosa yangu. Mbwa anayetoa kichwa nje ya gari hupokea vumbi, wadudu na vijiwe kwa kasi ileile ya gari, na jicho halina mlango mwingine ila kope.

Kabla ya kumfikia mwenyeji wetu tuliwapeleka watoto Olorgesailie, yapata kilomita 65 kutoka jijini. Ni mahali ambapo kila mwanafunzi wa historia anapaswa kupaona. Mwanajiolojia J.W. Gregory alipita huko mwaka wa 1919 akaona mashoka ya mawe, na katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakaanza kufukua. Hadi leo mashoka hayo yamelala chini kwa mamia, palepale yalipoachwa na viumbe walioishi kando ya ziwa lililokauka zamani za kale. Watoto hupita juu ya daraja la mbao wakiyatazama. Mke wangu alibaki na Tomi chini ya mgunga. Kulikuwa na upepo mkali, na vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo, lilikuwa likipeperuka kutoka kwenye matabaka ya ziwa hilo la kale. Macho yetu sote yaliwasha.

Mwenyeji wetu ni mzee niliyefanya kazi naye Nairobi kwa miaka mingi kabla hajastaafu na kurudi kwa mbuzi wake. Boma lake liko mwendo mfupi kutoka barabarani. Tulipofika watoto wa boma walikuja mbio, wakainamisha vichwa ili tuwaguse utosini, kama ilivyo desturi ya Wamaasai. "Sopa!" mzee akatusalimu. "Ipa!" tukaitika, na kitindamimba wangu, aliyekuwa amejifunza neno hilo garini, akaliitika mara tatu kwa furaha.

Palikuwa na mbwa wanne hapo bomani. Watatu walikuwa wamejaa matongo kwenye pembe za macho, na nzi wamewatanda usoni kama wageni waliozoea nyumba. Wa nne ndiye aliyenishtua. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, na macho yake yote mawili yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na buluu. Alitembea akinusa njia.

"Huyo ni wa ndugu yangu aliyeko Nguruman," mzee akaniambia. "Alimleta mwezi uliopita baada ya kuona hawezi tena kuchunga. Huko kwao mbwa wengi huingia chamba namna hiyo. Sisi husema ni uzee, lakini huyu hana hata miaka minne."

Nililiweka neno hilo moyoni. Sikujua kwamba lingenisaidia kuuliza swali la maana siku mbili baadaye.

Tulikula nyama, tukanywa chai, mazungumzo yakanoga. Ilipofika saa kumi alasiri, jua limeanza kulegea, tukasikia Tomi anabweka nyuma ya kibanda cha kuku. Haukuwa mbweko wa kumbwekea kuku. Ulikuwa wa juu, wa haraka, usiopumzika. Mzee aliinuka kabla sijaweka kikombe chini.

Kulikuwa na rundo la mawe hapo, masalio ya ujenzi wa tangi la maji. Mbele ya rundo hilo alikuwa amesimama nyoka, rangi yake nyekundu ya udongo wa kuchoma, amepanua shingo, na mstari mweusi umemvuka kooni. Tomi alikuwa kama hatua mbili kutoka kwake. Sikumwona nyoka akitema. Niliona tu Tomi anaruka nyuma, anapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwa mnyama, kisha anajibingirisha chini akijisugua uso kwa miguu yote miwili ya mbele.

"Swila," mzee akasema. "Msimkaribie. Mshikeni mbwa, nyoka mwacheni aende zake."

Kenya ina aina kadhaa za swila watemao mate. Huyu mwekundu ni wa nchi kavu kama hiyo ya Magadi. Yuko mwenye shingo nyeusi, anayepatikana sehemu nyingi za nchi. Na yuko mkubwa wa kahawia, ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya peke yake mwaka wa 2007 tu, wakampa jina la James Ashe, yule aliyeanzisha shamba la nyoka la Watamu. Wote hao hulenga uso, nao hufika zaidi ya mita mbili bila taabu. Mate hayo yakiangukia ngozi isiyo na jeraha hayana madhara makubwa. Yakiingia jichoni ni moto.

Nakiri kwamba mimi niliduwaa. Waliofanya kazi ni wengine. Mzee alivua shuka lake akamfunika Tomi mwili mzima isipokuwa kichwa, akamkandamiza kati ya magoti. Mke wa mzee alichana kitambaa akakizungusha kwenye mdomo wa Tomi na kukifunga nyuma ya masikio, maana mbwa mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea. (Mbwa wa pua bapa hafungwi hivyo, atakosa pumzi.) Mke wangu alishika jagi. Msichana wangu, machozi yakimtoka kuliko Tomi mwenyewe, akawa anachota maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki. Wakamfumbua kope kwa vidole na kumiminia maji polepole, kutoka pembe ya ndani kuelekea nje, jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Maji yalipoanza kupungua mama wa boma alileta kibuyu cha maziwa.

"Maji ni bora kwa sababu ni mengi," mzee akasema, "lakini yakiisha, maziwa yatafaa. Kisichofaa ni kusubiri."

Nilitazama saa. Tuliosha kwa dakika ishirini. Mzee akapekua mwili wote wa Tomi, mguu kwa mguu, midomo na shingo, kutafuta alama ya meno au uvimbe, kwa sababu nyoka anayetema pia huuma, na kuumwa ni shauri jingine kabisa. Hakukuwa na alama. Kijana mmoja jirani alikuja na tumbaku iliyotafunwa akitaka kuipaka machoni. Mzee alimfukuza kwa lugha ambayo sikuielewa lakini iliyoeleweka vizuri.

Tulirudi Nairobi usiku. Tomi alilala mapajani mwa msichana wangu, macho yamefumba na kuvimba. Hapo ndipo nilipaswa kutafuta daktari wa zamu usiku uleule. Lakini nilijiambia kwamba tumekwisha kuosha, tena kwa muda mrefu, na kwamba asubuhi ingeleta nafuu.

Asubuhi ya Jumapili jicho la kulia lilifumbuka nusu. La kushoto lilibaki limefungwa, linatoa maji, na nilipolifumbua niliona ukungu katikati. Nikakumbuka kwamba kwenye kabati kuna chupa ndogo ya dawa ya matone. Niliandikiwa mimi mwenyewe, mwaka uliotangulia, macho yangu yaliposhikwa na mzio. Dawa hiyo iliniponya kwa siku mbili. Je, jicho si jicho? Nikamtia Tomi matone mawili jicho la kushoto asubuhi, mawili adhuhuri, mawili jioni. Wekundu ukapungua. Nikajisifu mbele ya mke wangu.

Jumatatu alfajiri Tomi hakutoka chini ya meza. Jicho la kushoto lilikuwa la buluu.

Tulishika njia ya Waiyaki, tukaipita Kangemi, tukakata kulia kuelekea Kabete. Kabete ni jina linalojulikana na madaktari wa mifugo mbali na hapa. Ni katika maabara za Kabete ambako homa ya Bonde la Ufa ilichunguzwa na kuelezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1931, baada ya wanakondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha. Kitivo cha matibabu ya mifugo cha chuo kikuu kimekuwa hapo tangu mwaka wa 1962. Watu wengi wa mjini hudhani ni mahali pa ng'ombe tu. La hasha. Iko zahanati ya wanyama wadogo, na ukiketi kwenye benchi lake asubuhi moja utajifunza mengi kuliko kitabuni.

Daktari aliyempokea Tomi alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyezungukwa na wanafunzi waliovalia makoti meupe. Hakuuliza jina la mbwa kwanza. Aliuliza: "Mmemtia nini?"

Nikatoa chupa mfukoni. Akaisoma, akampa mwanafunzi mmoja aisome kwa sauti. Ndani yake mlikuwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi.

"Baba, tazama," akaniambia, bila ukali. Alichukua kikaratasi chembamba chenye rangi ya machungwa, akakilowesha na kukigusisha ndani ya kope la Tomi, kisha akasafisha kwa maji na kuzima taa. Akamulika kwa kurunzi ya mwanga wa buluu. Katika jicho la kulia tuliona alama ndogondogo za kijani, kama vumbi. Katika jicho la kushoto palikuwa na duara la kijani linalong'aa, kubwa kama punje ya mbaazi. "Hicho kijani ni kidonda. Rangi hii haishiki kwenye kioo cha jicho kilicho kizima, hushika palipochubuka. Steroidi hupunguza wekundu, ndiyo maana ulidhani anapona. Lakini pia huzuia kidonda kufunga, na huweza kukifanya kichimbe. Siwezi kukuapia kwamba matone yako ndiyo yaliyofanya haya yote, maana mate ya swila peke yake yanatosha. Ila hayakusaidia."

Wanafunzi waliandika. Mimi nilitazama sakafu.

Alimwandikia dawa ya kuua vijidudu, matone kila baada ya saa chache mchana kutwa, na atropini ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho ili maumivu yapungue. Atropini humfanya mbwa aone mwanga kuwa mkali, kwa hivyo Tomi alipaswa kukaa kivulini. Alipewa pia dawa ya maumivu ya kumeza, na daktari alituonya tusimpe hata kidonge kimoja cha binadamu cha maumivu, kwani vingine ni sumu kwa mbwa. Shingoni alihitaji kola pana ili asijikune. Tuliitengeneza nyumbani kwa ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako na kufunikwa makali kwa utepe. Alionekana kama balbu ya taa, na kitindamimba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Tukingoja dawa niliketi benchini na kuwatazama wenzetu. Kando yangu alikuwa bwana mmoja na Alsatian mzee wa miaka kumi na moja, ambaye mboni zake zilikuwa na rangi ya kijivu cha buluu. Bwana huyo alikuwa ameshakata tamaa, ameambiwa na majirani kwamba mbwa amepofuka. Daktari alichukua kipande cha pamba akakiangusha mbele ya uso wa mbwa. Pamba haina sauti wala harufu ya kumvutia mbwa. Mbwa akaifuata kwa macho hadi sakafuni. "Huyu anaona," daktari akasema. "Lenzi za mbwa wengi hugeuka kijivu wakishapita miaka saba au minane. Ni kama mvi. Mtoto wa jicho ni kitu kingine. Huwa mweupe kabisa, na mwanga haupiti. Huo huondolewa kwa upasuaji, na wakati mwingine chanzo chake ni ugonjwa wa sukari." Yule bwana alimkumbatia mbwa wake shingoni bila kuona haya.

Alikuwapo pia mtoto wa mbwa mwenye kinyama chekundu kilichochomoza pembeni mwa jicho, upande wa pua. Mwenyewe alidhani ni uvimbe wa saratani, na fundi mmoja wa mtaani alikuwa amejitolea kukikata kwa wembe. Kumbe ni tezi ya kope la tatu (mbwa ana kope tatu, si mbili) iliyoteleza kutoka mahali pake. Tezi hiyo hutengeneza sehemu kubwa ya machozi. Ikikatwa, mbwa huweza kubaki na jicho kavu maisha yake yote. Daktari huirudisha ndani na kuishona.

Na jicho kavu lenyewe nililiona pia, kwa kijibwa kimoja chenye uso bapa na manyoya mengi. Matongo yake yalikuwa mazito, ya kunata, ya kijani na manjano, na jicho halikung'aa. Alikuwa ametibiwa miezi mitano kwa dawa za vijidudu, yakipungua, yakirudi. Mwanafunzi alimning'iniza kikaratasi chenye vipimo kwenye kope kwa dakika moja. Kwa mbwa mzima machozi hulowesha milimita 15 au zaidi. Kwa huyo yalifika tatu. Siyo vijidudu vilivyokuwa shida, ni ukame. Bibi mwenye mbwa alikasirika kwa ajili ya pesa alizokwisha kutumia, nami sikumlaumu.

Nilipoitwa kuchukua dawa nikamwuliza daktari habari ya yule mbwa wa Nguruman. Akaacha kuandika.

"Amekonda? Tezi za shingo zimevimba? Ufizi ni mweupe?"

Nilisema amekonda. Mengine sikutazama.

Akanieleza kwamba katika sehemu zenye mbung'o, chamba cha buluu katika macho yote mawili ya mbwa kijana ni dalili ya kufikiriwa upesi. Mbung'o huingiza vimelea vya ndorobo, vilevile vinavyomwua ng'ombe, na kwa mbwa vimelea hao hupenya hadi ndani ya jicho. Nguruman ni nchi ya mbung'o tangu zamani. Ni huko ambako watafiti wa ICIPE, katika miaka ya 1980, walitengeneza pamoja na wafugaji mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, wakaitia mkojo wa ng'ombe na asetoni ili harufu iwavute wadudu. Mbwa hupimwa damu. Akiwahiwa, hudungwa sindano na ukungu huweza kupungua. Akicheleweshwa hufa, na huyo mbwa alikuwa tayari ana mwezi mzima bomani. Kipimo cha dawa ni cha daktari peke yake, kwa kuwa kikizidi kidogo mbwa hudhurika.

"Na ninyi wa mjini msicheke," akaongeza. "Hamna mbung'o lakini mna kupe. Wiki haipiti bila kuletewa mbwa wa Nairobi mwenye damu ndani ya jicho au ukungu wa ghafla, na chanzo ni homa ya kupe. Mtu analeta jicho, sisi tunatibu mwili."

Nilimpigia mzee simu nikiwa bado kwenye ua wa zahanati.

Kwa majuma mawili nyumba yetu iliendeshwa kwa saa ya Tomi. Mke wangu alibandika ratiba jikoni. Tulijifunza kumsimamia nyuma, si mbele, kuinua kidevu, kushusha tone kutoka juu bila kugusisha ncha ya chupa jichoni, na kumpa kipande cha mkate mara tu baada ya hapo. Matongo tuliyafuta kwa pamba na maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, pamba moja kwa jicho moja. Siku ya tatu tulirudi Kabete, na siku ya saba tena. Jicho la kulia lilikuwa safi juma lilipokwisha. La kushoto lilichukua zaidi ya mwezi, na limebaki na chamba cheupe, kama punje ya dengu, katikati kabisa. Akipita mlangoni upande huo huugusa mwimo wa mlango kwanza kwa masharubu, ndipo apite.

Msichana wangu hajaniuliza kamwe kuhusu ile chupa. Niliitupa siku ileile, lakini najua alisikia mwanafunzi akiisoma kwa sauti.

Desemba tuliteremka tena Kona Baridi. Safari hii madirisha ya nyuma yalikuwa yameinuliwa hadi juu, na Tomi alilalamika hadi Kiserian, kisha akanyamaza. Mvua za vuli zilikuwa zimepita na nchi yote ya Ol Tepesi ilikuwa ya kijani, jambo ambalo mgeni wa mara moja hawezi kuliamini. Nyasi zilikuwa ndefu, zimejaa mbegu zenye miiba. Mke wangu alikuwa ameonywa kuhusu hizo pia: mbegu ya nyasi huingia chini ya kope la tatu isionekane, na mbwa anayefumba jicho moja tu kwa ghafla baada ya kukimbia nyasini huenda ana mbegu humo. Ikiwa inaonekana na inaelea, huoshwa kwa maji. Ikiwa imechoma jicho lenyewe haivutwi, hupelekwa kwa daktari kama ilivyo.

Mzee alitupokea palepale. Rundo la mawe nyuma ya kibanda cha kuku halikuwapo tena, na kwenye nguzo ya kibanda alikuwa ameninginiza mtungi wa manjano wa lita tano uliojaa maji, na kikombe kimefungwa kwa kamba. Watoto wa boma walijua ni wa nini. Mmoja alituonyesha kwa vitendo jinsi ya kulala chali na kumiminiwa, maana swila hachagui kati ya mbwa na mchungaji, na mtu akitemewa huoshwa vilevile kisha hupelekwa hospitali.

Yule mbwa wa Nguruman alikuwa hai. Daktari wa mifugo wa eneo hilo alikuwa amemchoma sindano, na mwili ulikuwa umerudi, mbavu hazihesabiki tena. Jicho moja lilikuwa limesafika kiasi cha kumwezesha kufuata mbuzi. Jingine halikurudi.

Mzee alimwita Tomi, akamshika taya, akamgeuza kuelekea jua. Alilitazama jicho la kushoto kwa muda mrefu.

"Tuliliosha sawasawa na hili jingine," akasema. "Maji yaleyale. Ni nini kilichotokea?"

Nilimweleza habari ya ile chupa, yote, msichana wangu akiwa amesimama kando. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwachilia Tomi, naye akaenda moja kwa moja akamlalia yule wa Nguruman ubavuni, upande wa jicho lake zima.

"Basi njooni mle," mzee akasema, "chai inapoa."